Pazia la Kirumi katika Nyumba ya Pwani: Kuchagua, Kupima na Kulifunga Mwenyewe

Pazia langu la kwanza la Kirumi nililitundika mwezi wa Juni, kwenye dirisha la sebule linalopokea upepo wa bahari hapa Mtwara. Kitambaa kilikuwa cheupe, mshono umenyooka, mikunjo inapanda na kushuka bila kukwama. Kufika Februari, mvua zikiwa zimekolea, mistari mitano ya rangi ya chai ilikuwa imejichora kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, imenyooka kama mistari ya daftari. Fito nilizoingiza nyuma ya pazia zilikuwa za chuma, vile vyuma vyembamba vya kuchomelea, na hewa ya chumvi ilivifuata humo humo ndani ya mifuko yake. Nilijaribu ndimu, nikaanika juani, nikarudia tena. Kutu haikutoka. Nikalifumua pazia, kitambaa nikakifanya cha kufunikia cherehani.

Tangu hapo nimeshona na kufunga mengi, na ninayemfundisha humwambia jambo hili kabla ya yote: huku kwetu pwani, kinacholiua pazia la Kirumi ni chumvi na upepo, si ubaya wa mshono. Na vyote viwili vinakabiliwa mapema, unapochagua vifaa na unapopima ukuta, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Ni pazia la namna gani

Kwa asiyelijua: ni kipande kimoja cha kitambaa, bapa, kisicho na marinda. Likishushwa linatanda dirishani kama shuka lililonyooshwa. Likivutwa kwa kamba linapanda likijikunja tabaka juu ya tabaka, mpaka linabaki furushi nadhifu juu ya dirisha. Nyuma yake kuna fito zilizolazwa, kila ufito una pete, na kamba zinapita kwenye pete hizo hadi kwenye ubao wa juu.

Faida yake ya kwanza ni kitambaa. Pazia la kawaida la marinda linataka upana wa dirisha mara mbili au mbili na nusu. Hili linataka upana mmoja tu na nyongeza ya pindo. Faida ya pili ni kwamba halishuki hadi sakafuni, kwa hiyo chini ya dirisha unaweza kuweka meza au kochi, na ukifagia halikusanyi vumbi.

Kuna mahali nisipolishauri. Jikoni penye jiko la mkaa, kwa sababu masizi hukaa kwenye mikunjo. Bafuni, kwa sababu tabaka zilizobanana na unyevu huota koga. Na kwenye mlango wa kutokea nje, ambako kila apitaye atalivuta.

Litazame dirisha kwanza

Simama mbele ya dirisha, fungua kila kinachofunguka, uone kinaelekea wapi. Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zina nondo, zina wavu wa mbu, na madirisha ya mbao mara nyingi huwa na fremu ya wavu inayofungukia ndani. Fremu hiyo ikifungukia ndani, pazia lililofungwa ndani ya uwazi wa dirisha litagongana nayo kila siku. Dirisha la alumini la kutelezesha halina shida hiyo. Dirisha la vioo vya luva lina mkono wa kufungulia unaochomoza, upime unachomoza kiasi gani.

Kuna namna mbili za kufunga. Ya kwanza ni ndani ya uwazi, pazia likiwa limejificha kati ya kingo za ukuta. Ya pili ni juu ya ukuta, pazia likifunika dirisha na sehemu ya ukuta pembeni. Nyumba za kale za Mikindani, zile za mawe na chokaa zenye kuta nene, zina uwazi wa kina kirefu na pazia la ndani hupendeza sana humo. Nyumba ya tofali za saruji haina kina cha kutosha mara nyingi, maana nondo na wavu vimeshachukua nafasi. Ikiwa kutoka kwenye wavu hadi ukingo wa ukuta huna sentimita 8 zilizo wazi, funga juu ya ukuta. Mimi kwa nyumba nyingi za sasa hufunga juu ya ukuta, na sababu kubwa ni hewa, nitaieleza kwenye vipimo.

Tazama na jua. Tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Dirisha la mashariki linapigwa asubuhi, la magharibi alasiri, hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni dirisha la kaskazini: mwezi wa Juni na Julai jua la mchana linapita upande huo, likiwa limeinama kiasi cha kuingia chumbani. Desemba linapita upande wa kusi, lakini liko karibu na utosi, haliingii sana. Kwa hiyo madirisha ya magharibi na kaskazini yape bitana nzuri, la sivyo rangi ya kitambaa itapauka upande mmoja huku mikunjo ikibaki na rangi yake ya zamani.

Kitambaa, bitana na fito

Kitambaa kizuri kwa kazi hii ni cha uzito wa kati: pamba iliyofumwa imara, kitani, au mchanganyiko wa pamba na poliesta. Kishike kona mbili, ukikunje kwa vidole, ukiachie. Kikiweka mkunjo bila kusimama kama karatasi, kinafaa. Kizito mno hujaa juu na kuziba mwanga hata pazia likiwa limepandishwa. Chepesi mno hupepea.

Watu huniuliza kuhusu kitenge na kanga. Kitenge kinafaa kabisa ukikipa bitana. Shida yake ni upana, maana vingi havizidi sana sentimita 115, na dirisha la futi 4 likifungwa juu ya ukuta linataka zaidi ya hapo. Usiunge katikati. Weka upana mzima katikati, kisha unga vipande viwili vilivyolingana kushoto na kulia, maua yakutane. Kanga ni nyepesi, inataka bitana nene zaidi, na kuna jambo la kufikiria: maneno ya kanga yako chini, karibu na pindo. Pazia likipanda yatakunjamana, nusu yasomeke na nusu yafichwe. Mama mmoja wa Ligula aliniletea kanga ya harusi ya binti yake, akasema, "Fundi, nataka jina lisomeke muda wote." Tukapanga vipimo hivi kwamba maneno yaangukie kwenye kipande cha chini kabisa, ambacho hubaki kinaonekana mbele hata pazia likiwa juu. Ilituchukua jioni nzima na karatasi mbili za hesabu, na alipolivuta mara ya kwanza alilisoma lile jina kwa sauti.

Kwa bitana, amerikani inatosha chumba cha kawaida. Chumba cha kulala kinachopigwa na jua la asubuhi kipe bitana nzito ya kuzuia mwanga. Kila kitambaa cha pamba, bitana nayo, kioshe, kikauke, kipige pasi kabla ya kukata. Pamba hurudi. Pazia likirudi sentimita 4 baada ya kufuliwa mara ya kwanza, hakuna dawa.

Fito zisiwe za chuma. Fito za faibagilasi ni bora ukizipata. Za mbao laini za mviringo, unene wa milimita 8, zinafaa ukizipaka vanishi pande zote pamoja na ncha zake. Mianzi iliyopasuliwa nimeijaribu, inashambuliwa na dumuzi. Ninachotumia zaidi siku hizi ni vipande bapa vya alumini. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, wana mabaki ya kila urefu pembeni ya karakana, waombe wakukatie na wakupigie tupa ncha zisichane kitambaa.

Vilivyobaki: pete ndogo za plastiki, kamba nyembamba ya nailoni, mkanda wa kunata wa pande mbili (upande laini na upande wa kulabu), skrubu zenye kichwa cha pete, kibana kamba cha kufungia ukutani, na ubao wa inchi 2 kwa 1 usiopinda. Skrubu zote ziwe za shaba au stenlesi. Zile za kawaida zinazong'aa dukani hung'aa hivyo hivyo kwa miezi michache tu, kisha zinaanza kulia machozi ya kutu kwenye rangi ya ukuta.

Kupima

Tumia futi kamba ya chuma. Ile ya kitambaa ya kupimia nguo huvutika. Pima kwa sentimita mwanzo hadi mwisho, usichanganye na inchi, na andika upana kwanza, urefu baadaye, kila mara kwa mpangilio huo. Nimeona kitambaa cha mita nyingi kikikatwa kwa kugeuza namba mbili tu.

Ukifunga ndani ya uwazi: pima upana sehemu tatu, juu, katikati na chini. Kuta zetu hazinyooki, lipu hunenepa pembeni. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, utoe sentimita 1. Pima urefu sehemu tatu vilevile, kushoto, katikati na kulia, uchukue kidogo kuliko vyote, ili pazia lisikwaruze kizingiti.

Ukifunga juu ya ukuta, unapima dirisha kisha unaamua ukuta. Pembeni ongeza sentimita 10 kila upande, zisipungue 5, la sivyo mwanga utapenya na mtu wa nje atachungulia. Chini ongeza kama 10. Juu ndipo penye uamuzi mkubwa, na ndipo wengi hukosea.

Pazia la Kirumi likipandishwa lote halipotei. Linabaki furushi la sentimita 20 hadi 30 kutegemea ukubwa wa mikunjo. Ukilifunga sentimita 5 tu juu ya dirisha, furushi hilo litaziba sehemu ya juu ya dirisha mchana kutwa, nayo ndiyo inayotoa hewa ya moto iliyopanda darini. Kwa nchi ya baridi huenda si kitu. Kwetu, mwezi wa Novemba kabla mvua haijashika, sentimita 20 za hewa ni usingizi. Kwa hiyo panda juu kadiri ukuta unavyoruhusu. Kama kutoka dirishani hadi dari kuna nafasi, weka ubao sentimita 20 juu ya dirisha au zaidi.

Chukua mfano tutakaoenda nao hadi mwisho: dirisha lenye upana wa sentimita 120 na urefu wa 150. Pembeni tunaongeza 10 na 10, upana wa pazia unakuwa 140. Juu tunaongeza 20, chini 10, urefu unakuwa 180.

Hesabu ya mikunjo

Hapa chukua kalamu. Hesabu hii ikikaa sawa, pazia litakunjika lenyewe. Ikipinda, utalivuta kila siku ukilinyoosha kwa mkono.

Pazia likikunjika, kitambaa kati ya ufito na ufito kinapinda katikati, kwa hiyo kinaning'inia nusu ya umbali wake. Kipande cha chini, kutoka pindo hadi ufito wa kwanza, hakipindi, kinaning'inia chote. Ndiyo maana kipande cha chini lazima kiwe nusu ya vile vingine, na nyongeza kidogo ili kichungulie chini ya wenzake.

Chukua urefu wa pazia, toa sentimita 5. Kati ya hizo, 3 ni za juu, ufito wa mwisho usigonge skrubu za ubao, na 2 ni za kipande cha chini. Kilichobaki kigawe kwa idadi ya fito mara mbili, ongeza moja. Kwa fito 5 unagawa kwa 11. Kwa fito 4 unagawa kwa 9. Jibu ndilo nusu ya mkunjo, na likiwa kati ya 12 na 18 umepata.

Katika mfano wetu: 180 toa 5 ni 175, gawa kwa 11, unapata 15.9. Namba ya namna hii inasumbua kwenye chaki. Mimi huongeza sentimita 1 chini, pazia liwe 181. Sasa 181 toa 5 ni 176, gawa kwa 11 ni 16 kamili. Kwa hiyo kipande cha chini ni 16 na 2, yaani 18. Kati ya ufito na ufito ni 32. Kipande cha juu ni 32 na 3, yaani 35. Ukihesabu kutoka chini, fito zinakaa kwenye 18, 50, 82, 114 na 146, na juu kabisa ni 181. Jumlisha wewe mwenyewe uhakikishe. Furushi la pazia hili likiwa juu litakuwa kama sentimita 25, na kwa kuwa ubao uko 20 juu ya dirisha, utapoteza sentimita 5 tu za uwazi.

Safu za pete: ya kwanza na ya mwisho zikae sentimita 5 kutoka ubavuni, zilizobaki zigawane kati, zisizidi sana 35. Kwa upana wa 140 zinabaki 130, gawa kwa 4 ni 32.5. Safu 5, fito 5, jumla pete 25.

Kukata na kushona

Kitambaa cha mbele: upana 150, yaani 5 za pindo kila ubavu, na urefu kama 195 ili upate pindo la chini la kuingizia kipande cha uzito na akiba ya juu. Bitana: upana 140, urefu kama 206. Bitana ni ndefu zaidi kwa sababu mifuko ya fito inashonwa juu yake. Kila mfuko wa kina cha sentimita 2 unakula 4, mifuko mitano inakula 20. Ukitumia alumini pana zaidi, pima kwanza mfuko kwenye kipande cha nguo kuukuu, uone ufito unaingia bila kubanwa, kisha urekebishe urefu wa bitana.

Kata juu ya sakafu safi, si mezani ambapo nusu ya kitambaa inaning'inia na kuvuta. Usiamini ukingo wa jora, mara nyingi umepinda. Ukikunja pindo za ubavuni na kupiga pasi, pima mshazari kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Mishazari ikilingana, pembe zako ziko sawa. Kwa 140 na 181, kila mshazari unakuja karibu na 229. Tofauti ikizidi nusu sentimita, fungua pindo urudie. Pazia la marinda husamehe upogo. Hili halisamehi, utauona kila linapopanda.

Kunja bitana sentimita 2 kila ubavu, ibaki na upana wa 136, ili isichungulie mbele. Chora mistari ya mifuko kwa chaki, kunja, shona kila mfuko kwa cherehani, na ziba upande mmoja wa kila mfuko. Upande wa pili uache wazi, fito zitoke wakati wa kufua. Kisha laza kitambaa cha mbele uso chini, laza bitana juu yake, pima upya kutoka chini: 18, 50, 82, 114, 146. Bandika pini. Shona bitana pembeni kwa mkono, kwa mshono wa kuficha.

Kwenye kila nukta ya pete, piga mishono mitatu minne midogo inayopenya hadi kitambaa cha mbele, kwa uzi wa rangi ya kitambaa. Mishono hiyo ndiyo inayoufanya uso wa pazia ufuate fito. Bila hiyo bitana itakunjika peke yake na kitambaa cha mbele kitafuata kitakavyo. Shona pete kwenye mfuko hapo hapo, kwa nguvu, maana uzito wote wa pazia unaning'inia kwenye pete za chini.

Mwisho, pima 181 kutoka chini, kunja akiba ya juu, na shona upande laini wa mkanda wa kunata kwa cherehani. Ndani ya pindo la chini ingiza kipande bapa cha alumini kilicho kizito kuliko fito. Huo ndio uzito wa kuvuta pazia chini na kulikabili kusi.

Ubao na kamba

Ubao ukatwe sentimita 138, pungufu kidogo ya pazia, usionekane pembeni. Uzungushie kitambaa kilichobaki au uupake rangi ya ukuta. Upande wa kulabu wa mkanda uugongelee usoni kwa misumari midogo ya shaba, gundi yake peke yake huachia kwa joto. Chini ya ubao, funga skrubu yenye pete juu ya kila safu: kwenye 4, 36.5, 69, 101.5 na 134, ukipima kutoka ncha ya ubao. Zimepungua sentimita 1 kuliko zile za kwenye pazia kwa sababu ubao ni mfupi kwa 1 kila upande. Ya upande utakaovutia iwe kubwa, kamba zote tano zitapita humo.

Kila kamba fungia kwenye pete ya chini kabisa ya safu yake, ipandishe kwenye pete zote, ipite skrubu ya juu, kisha isafiri kwenye skrubu zote hadi upande wa kuvutia. Kila kamba ikatwe urefu wa pazia mara mbili na upana juu yake, karibu mita 5. Mita 25 zinatosha kwa zote. Utapunguza baadaye.

Ukutani

Funga vyuma vya pembe vitatu, pembeni viwili na katikati kimoja, vya alumini ikiwezekana. Chora mstari kwa pimamaji, usitumie dari kama kipimo. Dari zetu hushuka upande mmoja, na pazia lililofuata dari iliyoshuka litapanda likiwa limekaa upande.

Sentimita 20 juu ya dirisha mara nyingi unakutana na lenta, na lenta ni zege. Tumia drili ya kugonga yenye ncha ya zege, taratibu. Ukihisi drili imegoma na inatoa sauti ya kulia, umegusa nondo. Usilazimishe, sogea sentimita 2 au 3 pembeni. Toa vumbi tunduni, ingiza plagi ya plastiki, ndipo ufunge skrubu, urefu usiopungua sentimita 5. Kwenye kuta za mawe na chokaa fanya kinyume: zima ugongaji wa drili, toboa kwa kuzungusha tu, na tumia plagi ndefu zaidi, kwa sababu chokaa ya zamani humomonyoka na tundu likipanuka halirudi.

Ubao ukishakaa, bandika pazia kwenye mkanda kuanzia katikati ukielekea pembeni. Shusha lote. Vuta kamba moja moja mpaka zote ziwe na mkazo sawa, kisha zifunge pamoja fundo moja chini kidogo ya skrubu kubwa. Kutoka hapo hadi chini bakisha kamba moja tu, nyingine zikate. Mwisho wa kamba hiyo mimi hufunga kipande kidogo cha mpingo. Mafundi wa vinyago hukuchongea tonge la ukubwa wa tende na tundu katikati, na uzito wake unanyoosha kamba vizuri.

Mtoto na kamba

Kamba ya pazia inaweza kumnyonga mtoto mdogo, kimya, kwa dakika chache. Kibana kamba kifunge juu, isipungue mita 1.5 kutoka sakafuni, na kila unapopandisha pazia zungusha kamba yote juu yake, isibaki ikining'inia. Usiache kitanzi mwisho wa kamba. Kitanda cha mtoto, kochi au stuli visikae chini ya dirisha hilo. Tena kumbuka kamba za nyuma ya pazia: mtoto aliyesimama dirishani anaweza kuivuta moja ikawa kitanzi. Chumba anacholala mtoto chini ya miaka 5 mimi sifungi pazia la kamba, hata mteja akisisitiza. Nashona lile lile bila kamba, lenye vifungo vya kitambaa juu, unalikunja kwa mkono na kulifunga asubuhi.

Kusi ikianza

Upepo wa kusi ukishika, pazia lililoshushwa nusu hupigapiga ukuta usiku kucha. Likae juu kabisa au chini kabisa. Likiwa chini, lizuie: shona vitanzi vidogo vya mpira kwenye kona mbili za chini, kwa nyuma, na funga ndoano mbili za shaba ukutani. Upepo utalijaza kidogo kama tanga na kuliachia, bila kulirusha.

Siku mbili za mwanzo liache juu, mikunjo ukiwa umeipanga kwa vidole na kuifunga kwa utepe laini, bila kukaza. Ukilifungua litakuwa limeshajua njia yake.

Kila baada ya miezi mitatu libandue kwenye mkanda, fungua mafundo ya chini, chomoa fito na ule uzito wa pindoni. Fito zifute kwa kitambaa chenye maji baridi ili chumvi itoke, zikauke. Pazia lifue kwa mkono, maji ya uvuguvugu, bila kukamua kwa kusokota. Lianike kivulini, lipige pasi upande wa bitana likiwa bado na unyevu kidogo, rudisha fito, na litundike kabla halijakauka kabisa. Uzito wa chini utalinyoosha kufikia jioni.